Abiria wa Kiti cha Nyuma

Inspekta Taratibu alifika kwenye uwanja wa michezo asubuhi ya baridi, mikono mifukoni, na shughuli yake ilikuwa moja tu: kujua kama mwanamke aliyelala mahabusu amemuua baba mkwe wake au hakumuua. Mchana wa siku hiyo faili lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Likienda lilivyo, shtaka ni mauaji, na mwanamke mwenyewe hakuwa na wakili, hakuwa na ndugu wa kumletea hata chai, na mdomo alikuwa ameufunga kabisa. Tangu akamatwe juzi alikuwa ametamka maneno mawili, "Kufuli halikuwepo," kisha kimya.

Taratibu si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa pale kituoni, kwa sababu wenzake walikuwa wakimaliza kuandika ripoti yeye bado anafuta miwani. Hakununa. Mtu asiyengojewa na yeyote nyumbani ana haraka ya kwenda wapi?

Koplo wake, dada mmoja mwenye miguu mepesi na maswali mengi, alikuwa ametangulia. Uwanja ulikuwa umefungwa tangu mzee afe, na ukimya wake ulikuwa wa kukera. Vibanda vya tiketi vimeteremsha shata, spika zimezimwa, upepo unacheza na vikombe vya karatasi. Koplo alichungulia chini ya turubai lililofunika farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka, akashangaa kuona wamepambwa upande mmoja tu. Upande wa nje rangi na shanga za kuchonga, upande wa ndani mbao tupu. Taratibu akamwambia ndivyo wanavyotengenezwa, maana upande ule hauonwi na wanaopita. Koplo akasema hata farasi wanadhulumiwa, akashusha turubai.

Meneja wa uwanja aliwapokea kwenye jukwaa la kupandia. Alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa, na kifo cha mfanyakazi wake hakikumpunguzia hamu ya kuusifia mtambo wake. Mtambo wenyewe ulikuwa rolakosta, reli zilizopanda na kushuka kama mgongo wa mnyama, na watu wote pale waliuita Joka. Meneja aliwaeleza kwamba Joka halina injini. Mnyororo unalivuta mara moja mpaka kilele cha kwanza, baada ya hapo ni uzito wake tu na Mungu. Ule mlio wa ta-ta-ta unaowatia abiria kiwewe wakati wa kupanda, wakidhani mnyororo unakatika, ni jino la chuma linalozuia treni isirudi nyuma. Kwa hiyo unapousikia, shukuru. Aliwaonyesha hata ndoo ya vitu vilivyookotwa chini ya reli, na ndani yake mlikuwa na meno ya bandia, wigi, na kiatu kimoja cha bwana harusi ambaye hakurudi kukiulizia.

"Hizo ni za watalii," Taratibu alisema. "Nieleze za asubuhi ya juzi."

Hapo meneja akapunguza mbwembwe. Kila asubuhi, kabla ya wageni kuingia, fundi wa reli hutembea juu ya Joka zima kwa miguu, nyundo mkononi, akigonga na kukaza nati moja moja. Fundi huyo alikuwa marehemu, ambaye kwa kazi yake aliitwa Mzee Nati. Kabla ya kupanda, hulitundika kufuli lake mwenyewe kwenye bodi ya swichi, nje ya kibanda cha kuendeshea, na kufuli likiwa pale treni haiwezi kuwaka. Akishuka, hulitoa kwa mkono wake. Ndipo mwendeshaji huipeleka treni mara moja bila watu, kulijaribu Joka. Na mwendeshaji alikuwa mkwe wake, mjane wa mwanawe wa pekee.

Wawili hao, meneja alisema, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kijana alipofariki kwa maradhi, kila mmoja alimtupia mwenzake lawama kwamba ndiye aliyechelewa kumpeleka hospitali. Mkwe akahama nyumba ya mzee. Tangu hapo wakawa wanafanya kazi hatua chache toka hapa mpaka pale, hawapeani hata salamu. Mzee akitundika kufuli, mkwe anajua amepanda. Akilitoa, mkwe anajua ameshuka. Mazungumzo yao yote yalikuwa hayo.

Meneja alikuwa na hakika yake tayari. Mkwe alikuwa na ufunguo wa wizi, akafungua kufuli mzee akiwa bado juu, akamtumia treni. Mzee akagongwa, akaanguka chini ya kilima cha pili, wafagiaji wakamkuta ndani ya uzio wa reli ameshakata roho.

Taratibu alikwenda kwenye bodi ya swichi akaishika ndoano ya kufuli. Ilikuwa imeng'aa kwa kuguswa.

"Kufuli lilikutwa wapi?" aliuliza.

"Mfukoni mwa marehemu. Limebanwa vizuri."

"Na ufunguo?"

"Shingoni mwake, kwenye kamba."

"Basi nisaidie, Meneja. Mzee yuko juu kule, anakaza nati. Mkwe yuko hapa chini, amefungua kufuli kwa ufunguo wa wizi. Kufuli limepaaje mpaka mfukoni mwa mzee?"

Meneja aliitazama ndoano. Akasema huenda mkwe alimtilia mzee mfukoni baada ya kuanguka. Koplo akamkata kauli kwa adabu: ufunguo wa uzio walikuwa nao wafagiaji, wafagiaji ndio waliofika kwanza, na wote walisema mwanamke yule alikuja mbio akazuiwa nje, hakukanyaga ndani. Alibaki ameshika nyavu, anaita "Baba" mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeandika hilo kwenye faili, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

"Kwa hiyo kufuli alilitoa mzee mwenyewe," Taratibu alisema. "Alikuwa ameshashuka."

"Sasa mtu aliyeshuka ameangukaje kutoka juu?" Koplo akauliza, na hilo ndilo lilikuwa swali.

Simu ya Taratibu ikalia. Alikuwa daktari wa chumba cha maiti, mtu aliyezoea kuzungumza peke yake na kwa hiyo akipata wa kumsikiliza hamwachii. Alisema mifupa ya marehemu imevunjika kwa kuanguka, wala hakuna alama ya gurudumu, wala tone la grisi isipokuwa viganjani. Treni haikumgonga. Halafu akaongeza kwamba mzee alikuwa na mawe kwenye figo, madogo madogo, na lazima yalikuwa yanamtesa vibaya. Taratibu alitaka kukata simu, daktari akamzuia, akasema hili utalipenda, umesema alifia kwenye rolakosta. Kuna madaktari, mbali huko, waliosikia wagonjwa wao wakidai wamepanda rolakosta na mawe yakatoka. Wakatengeneza figo la bandia, wakalitia vijiwe, wakalifunga kwenye begi na kulipandisha mara nyingi. Kiti cha mbele, vijiwe vilibaki vingi. Kiti cha nyuma kabisa, vikatoka zaidi ya nusu, maana mkia wa treni ndio unaorushwa zaidi kileleni.

Taratibu alishukuru, akabaki na simu mkononi. Kisha akamuuliza meneja abiria huweka wapi vitu vyao kabla ya kupanda. Meneja akaonyesha safu ya visanduku vya mbao visivyo na milango, upande wa kushukia. Koplo alivipitia kimoja kimoja. Kwenye kile cha mwisho, palepale mkabala na mkia wa treni, palikuwa na nyundo, kofia ya kazi, na juu ya kofia miwani iliyokunjwa vizuri.

Mtu hatembei juu ya reli bila miwani na bila nyundo. Mtu huviweka hapo anapotaka kukaa kwenye kiti na kuhakikisha havidondoki. Meneja alitoa macho, akasema haiwezekani, sheria inakataza mtu yeyote kupanda wakati wa majaribio, na tena mwendeshaji angemwona.

"Tujaribu," Taratibu alisema.

Alimtuma Koplo akae safu ya nyuma kabisa, yeye akaingia kwenye kibanda cha kuendeshea. Kilikuwa chumba kidogo, kiti kimoja, kikombe kimoja, sweta la mwanamke limetundikwa kwenye msumari. Kwenye kioo cha mbele aliona treni kuanzia kichwani, safu baada ya safu, halafu nguzo nene ya paa. Baada ya nguzo hakuona kitu. Akamwita Koplo apunge mkono. Koplo akajibu kwa sauti kwamba anapunga, na mkono unamuuma. Taratibu hakuuona. Kwenye meza ya vitufe kulikuwa na taa ya kijani inayowaka nondo zote za mapajani, vyuma vya kuwashikilia abiria vitini, zikishajifunga. Mwendeshaji huamini taa hiyo, kwani asubuhi hakuna abiria wa kukagua. Kamera ya kupiga picha za wateja nayo huwa imezimwa mpaka wateja wafike. Kwa hiyo mtu angeweza kutoa kufuli, kuzunguka nyuma ya nguzo, kukaa kwenye kiti, na dunia isijue.

"Lakini mbona nondo haikumshika?" Koplo aliuliza. "Mimi hapa nimebanana na huyu mgeni wenu."

Taratibu alitoka kibandani taratibu kama lilivyo jina lake. Mgeni aliyetajwa lilikuwa sanamu la plastiki, umbo la mtu kuanzia kichwa mpaka magoti, limejazwa maji. Meneja alieleza kwamba asubuhi za baridi grisi ya magurudumu huwa nzito, Joka huenda kivivu, na treni tupu inaweza kukosa nguvu ikanasa bondeni. Mchana, chuma na grisi vikipata joto, hukimbia vizuri zaidi. Ndiyo maana asubuhi huipakia masanamu ya maji yawe badala ya abiria. Wafanyakazi wanayaita wageni, huyavika kofia zilizosahauliwa na wateja, na kuna mengine huamkiwa. Hukaa safu za mbele na za katikati. Hili la nyuma, meneja alisema, hajui limefikaje. Safu ya nyuma huwa tupu siku zote.

Treni haikuguswa tangu siku ile. Nondo ya kila safu ilikuwa moja, ya kushirikiana watu wawili, na ile ya nyuma ilikuwa imesimama palepale iliposimama asubuhi ya kifo, juu ya tumbo la sanamu. Tumbo lenyewe lilikuwa limejazwa maji mpaka likavimba kama la mtu aliyeshiba harusi. Taratibu alimwinua Koplo, akakaa yeye, akajipenyeza kwa shida chini ya chuma. Alikuwa mwembamba, na Mzee Nati kwa maelezo ya wote alikuwa mwembamba zaidi. Kati ya nondo na mapaja yake pangeweza kupita mtoto.

Siku zote, basi, mzee alikuwa akikaa pale peke yake, na nondo ilishuka ikamkaba vizuri. Asubuhi ile alimkuta jirani. Chuma kikamshika jirani, taa ya kibandani ikawaka kijani, na kwenye kilima cha pili, pale mkia unaporushwa, mzee hakuwa na cha kumzuia ila viganja vyake.

"Angeweza kulitoa sanamu," Koplo alisema.

"Angeweza. Au kuhamia safu nyingine."

Taratibu aliichukua miwani na nyundo kwenye kisanduku, wakaenda kwenye gari.

Kituoni, Taratibu aliagiza mwanamke aletwe kwenye chumba cha mahojiano bila pingu. Alikuwa mtu mzima, nywele zimefungwa kitambaa, mikono ameikunja mapajani kana kwamba anangoja kuitwa dirishani. Taratibu alimwekea chai. Hakuigusa. Basi akaanza kumsimulia, bila kumuuliza chochote: kufuli mfukoni, miwani kwenye kisanduku, nguzo, kiti cha nyuma. Alimwambia kwamba Mzee Nati hakuwa juu ya reli alipoiwasha treni. Alikuwa ndani yake.

Mwanamke aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Kwenye treni yangu?"

"Na si siku ile tu. Nadhani kila asubuhi. Daktari amekuta ana mawe kwenye figo."

Kisha mwanamke akaanza kuongea, na maneno yaliyokuwa yamezibwa kwa siku zote hizo yakamwagika. Alisema mawe anayajua. Zamani, walipokuwa bado wanakula meza moja, mzee alikuwa akiamka anashika kiuno, na yeye ndiye aliyemwambia alichosikia kwa abiria, kwamba kiti cha nyuma cha Joka kinatoa mawe kuliko dawa. Mzee alimcheka. Alimwambia, mwanangu, unataka kunizika mapema. Mume wake alikuwa hai bado, naye akacheka mpaka akapaliwa.

"Kumbe alinisikia," alisema. "Asubuhi zote hizo namwendesha mimi. Na sijui."

Taratibu alifungua faili. Alikuwa na swali moja limebaki, na laiti angeweza asingeuliza. Lakini faili bila jibu lake lingekuwa na tundu, na tundu hilo meneja angelipitia.

"Kiti cha nyuma kulikuwa na sanamu. Nani aliliweka?"

"Mimi," alisema mara moja. "Usiku wa kuamkia siku ile nilibaki nikalijaza maji nikaliweka." Akaeleza kwa haraka, kama mtu anayetoa ripoti ya kazi. Baridi ilikuwa imezidi, Joka lilikuwa linachoka kwenye kona ya mwisho, siku yoyote lingenasa. Na likinasa, meneja angesema ni grisi ya mzee, ni uzee wa mzee, angemfukuza. Sasa mzee akifukuzwa angekwenda wapi, nyumba tupu ile? Akaona aongeze uzito nyuma kidogo. Tumbo akalijaza pomoni ili lisaidie zaidi. Hakumwambia mzee kwa sababu walikuwa hawasemeshani. Na mzee, alipolikuta, hakuja kibandani kuuliza limetoka wapi, kwa sababu hiyohiyo.

Alikuwa mwendeshaji wa miaka mingi. Taratibu aliona jambo lenyewe likimfikia usoni kabla hajamaliza kusema.

"Inspekta," aliita, sauti imeshuka. "Nondo ilisimama wapi?"

Kuna uongo ambao hata sheria ingeusamehe, na Taratibu aliutafuta. Lakini mwanamke huyu angerudi kwenye mtambo ule, au angehadithiwa na wenzake, na angejua kwamba hata polisi alimdanganya. Akanyoosha kiganja, akakiweka hewani juu ya mapaja yake, mbali nayo, palepale kilipokuwa chuma.

Mwanamke alikitazama kile kiganja. Alilia bila kujifunika uso, kilio kirefu cha mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kumlilia, na Taratibu akakaa naye, hakumwambia nyamaza. Chai ilipoa na kuweka utando.

Alipotulia, Taratibu alimwambia kwamba si kosa la jinai. Faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka kama ajali, kwa sahihi yake, na atasimama nalo mwenyewe likiulizwa. Anaruhusiwa kwenda sasa hivi. Mwanamke aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Hospitali. Hakuna aliyekuja kumchukua."

"Hana mtu."

Taratibu alivuta karatasi ya kukabidhi maiti, kwa kuwa ilihitaji jina na kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kumfanyia. Aliandika jina alilotajiwa, akafika kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu, akaanza kuandika kama ulivyoandikwa kwenye faili.

"Usiandike mkwe," mwanamke alisema. "Andika binti."

Taratibu alikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika upya, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Kisha akachukua koti lake na funguo za gari, akamfungulia mlango, wakaenda kumchukua.